Wanaoshikika Kwanza

Sijawahi kumsamehe mtu haraka, na sioni sababu ya kuanza leo. Marehemu mama alikuwa akiniambia, "Wewe mtoto, kinyongo chako kinadumu kuliko nguo zako." Kweli kinadumu. Miaka miwili nilimwekea mtu mmoja kinyongo, nikakilisha, nikakinywesha, nikakibadilishia maranda kila Jumatatu kama ninavyowabadilishia panya wangu, na wala hakikupungua uzito.

Panya ndio kazi yangu. Ninao mia tatu na ushei, weupe, macho mekundu, katika chumba kirefu kisicho na dirisha hata moja, nyuma ya maabara. Nawalisha, nawapima uzito, naosha vizimba vyao, nawaandika nambari mkiani kwa kalamu ya wino. Wenzangu wananiita Mama Panya. Mwanzoni nilikuwa nanuna, sasa naitika.

Mtu niliyemwekea kinyongo ni mkuu wa maabara. Mbele yake tulimwita Mkuu. Akigeuka tu, tulimwita Manukato, kwa sababu hakuwahi kuingia chumba cha panya bila kujipulizia marashi kwanza, shingoni, viganjani, hadi kwenye tai. Eti harufu ya panya inamchefua. Mtu umepata cheo kwa sababu ya panya, umejenga kwa sababu ya panya, halafu kuwanusa hutaki! Khaa!

Sasa nikueleze alichomfanyia dada yangu.

Dada yangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa fundi wa maabara humo humo, meza ya dirishani. Siku moja alichota udongo kijiko kimoja chini ya bomba linalovuja nyuma ya jengo, akauweka kwenye visahani vyake, akavikuza vidudu vilivyokuwemo. Kimoja kati ya vidudu hivyo kilikuwa kinatoa kitu kinachoua bakteria wa nimonia. Watu wengine wangeandika kwenye daftari wakaenda kunywa chai. Dada alikaa na vile visahani miaka mitatu, mpaka akapata unga wa manjano, mwepesi, unaojaa vichupa viwili. Huo unga ndio ukaitwa dawa mpya. Manukato akawa anauita "dawa yangu", na Dada akawa ananyamaza, maana yeye hakutaka sifa. Alitaka kujua jambo moja tu: inaponya au haiponyi?

Ili ujue, lazima uijaribu kwa panya. Kazi yenyewe haina maajabu. Unachukua panya arobaini, unawalaza usingizi kidogo, unawadondoshea bakteria puani mpaka wafike mapafuni. Ishirini unawapa dawa. Ishirini unawapa maji ya chumvi tu. Baada ya siku tano unahesabu nani yupo na nani hayupo.

Siku jaribio la kwanza lilipoanza, mimi nilikuwa nimelazwa, nimepasuliwa kidole tumbo. Niliporudi kazini, kila kitu kilikuwa kimekwisha. Panya waliopewa dawa walikuwa wamekufa kumi na tatu. Waliopewa maji ya chumvi walikuwa wamekufa kumi na wanne. Yaani dawa na maji ni yale yale. Manukato, ambaye alikuwa amekwisha kuwaita waandishi wa habari na mpiga picha, alikuwa na aibu ya mwaka mzima mkononi, akatafuta wa kumpa. Akaandika kwenye ripoti kwamba panya waligawanywa na fundi, na kwamba fundi alichanganya dawa na maji ya chumvi. Dada akafukuzwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo hakuna maabara iliyomtaka, kila mlango anaogonga wanauliza, "Si wewe uliyechanganya?" Sasa anasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, anauza dawa za kikohozi na pamba.

Dada hakuchanganya kitu. Mimi nilipata kujua kilichotokea siku ile ile niliyorudi, nilipopita koridoni nikaona picha mpya ukutani, iliyotundikwa kabla hesabu haijatoka. Manukato ametabasamu meno yote nje, mkono wake umezama kwenye sanduku kubwa la panya, na pembeni yake kuna kizimba chenye kibandiko cha DAWA.

Ngoja nikwambie jambo ambalo kila mtunza panya analijua na madaktari hawajisumbui kuuliza. Ukiwaweka panya arobaini sanduku moja, ukaingiza mkono, je, unamshika nani? Mwenye afya hashikiki. Anaruka, anapanda ukuta, anapita katikati ya vidole vyako. Anayeshikika kwanza ni yule aliyejikunyata kwenye kona, mwepesi, manyoya yamekosa mng'ao, hana nguvu hata ya kukukimbia. Ukitoa ishirini wa kwanza ukawaweka kizimba cha dawa, umeipa dawa wagonjwa watupu, na maji ya chumvi umeyapa mashujaa. Ndiyo maana sisi hatuchagui kwa mkono. Tunawapima, tunawapa nambari, halafu tunapiga kura kwa vikaratasi ndani ya mkebe wa majani ya chai. Mkebe huo uko kwenye rafu yangu mpaka leo.

Manukato alitaka picha. Akaingiza mkono wake wenye marashi, wazima wote wakaikimbia ile harufu, akawaokota dhaifu mmoja mmoja huku anachekea kamera. Dada aliniambia alimwonya. Akamjibu, "Panya ni panya." Na ukurasa wa rejista wa siku ile, ukiutafuta, huupati.

Picha ile nimeifuta vumbi kila Ijumaa kwa miaka miwili, na kila Ijumaa nilimwambia mwenye kutabasamu, "Tutakula sahani moja mimi na wewe."

Basi siku ikafika. Wafadhili wa dawa walikubali jaribio la pili, lakini kwa sharti: wangemtuma mkaguzi wao, na hesabu watakayoiamini ni ya kwake tu. Hilo lilikuwa jaribio la kufa na kupona, kwa sababu unga wenyewe ulikuwa umebaki kichupa kimoja. Vile vidudu vya Dada vilikufa kwenye friji baada ya yeye kuondoka, hapakuwa na mtu wa kuvihamishia visahani vipya. Kichupa kile kinatosha panya ishirini kwa siku tano, basi.

Mimi nilichokisikia katika yote hayo ni kwamba Manukato anarudi ulingoni. Nikamfuata ofisini kwake.

"Mkuu," nikamwambia, kwa ile sauti ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, "ile picha yako ya koridoni imeanza kupauka. Kesho kutwa wageni wanakuja. Si uwachague panya wewe mwenyewe tena, watu wapate picha mpya?"

Alinitazama kidogo. Nilidhani amenishtukia. Mimi ni mdogo wake yule fundi, jina la baba ni moja, liko kwenye faili, na siku anamfukuza Dada alinitaja. Lakini wapi! Alikuwa amesahau. Ameyavunja maisha ya mtu, halafu amesahau! Hapo damu ilinichemka kuliko siku zote, maana mimi nilikuwa nimelala naye na kuamka naye miaka miwili, na yeye hata sura yangu haimwambii kitu.

"Wazo zuri," akasema. "Tena nitafumba macho. Asije mtu akasema nimependelea."

"Hapo sasa! Fumba kabisa, Mkuu."

Asubuhi ya wageni, kabla hata mfagizi hajafika, niliwapima panya wote arobaini. Nikaandika kwenye daftari langu mwenyewe: nambari, uzito, nambari, uzito. Mwepesi kuliko wote alikuwa nambari thelathini na moja, gramu kumi na sita, hata maji alikuwa anayanywa kwa kujilazimisha. Daftari nikalitia mfukoni. Mkebe wa kura nikauacha juu ya rafu.

Wageni wakajaa mlangoni, wamefunika pua. Manukato akaingia na harufu yake, akakunja mkono wa shati, akafumba macho kama mtu anayeombewa. Alipozamisha mkono, wale wenye nguvu walipanda kuta za sanduku kama wamesikia kuna moto. Akapapasa, akapapasa, akatoa mmoja. Nikasoma mkia. Thelathini na moja! Nilijikaza nisicheke. Akatoa wa pili, wa tatu, na mimi nawapokea, nawaweka kizimba cha DAWA. Alipofika wa ishirini wageni walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kesho mkaguzi anafika, panya wanadondoshewa bakteria, wanaanza kupewa dawa. Baada ya siku tano wa DAWA wamekufa. Manukato anasimama mbele ya watu hana la kusema. Hapo ndipo mimi natoa daftari, natoa na picha, namvua nguo hadharani. Nilikuwa nimeshaona hadi nitavaa kitenge gani.

Mchana nikapitia duka la dawa. Sikuweza kusubiri. Dada alikuwa amevaa koti lake jeupe la maabara, lile lile, bado analipiga pasi kila siku. Mteja mmoja alikuwa anachagua miswaki. Nikamvuta Dada pembeni ya kaunta.

"Dada, nimempata! Nimempata, ameingia mwenyewe na miguu yake!"

Nikamwambia yote, kufumba macho, makofi, thelathini na moja. Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

"Unga wametoa wapi?" akauliza.

"Si kile kichupa chako."

"Chote?"

"Chote. Hakuna mwingine."

"Na kwenye dawa wamo dhaifu."

"Ishirini kamili! Ungemwona, Dada, jinsi alivyokuwa anapapasa—"

"Kwa hiyo umeiua."

"Nimemwua yeye!"

"Yeye?" Dada aliweka mikono juu ya kaunta. "Yeye atahamishiwa ofisi nyingine, watamfanyia na sherehe ya kumuaga. Dawa yangu ndiyo itakayoandikwa kuwa ni maji. Mara ya pili. Na mara ya tatu hakuna, kwa sababu unga hakuna. Watu wanakufa kwa nimonia kila siku ya Mungu, mimi hapa nawauzia dawa ya kikohozi kwa sababu sina kingine, na wewe unakuja kunichekea?"

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Usinisingizie. Mimi hukuniuliza. Na hilo daftari lako, ukilitoa siku ya sita, swali la kwanza watakalokuuliza ni ulijua lini. Utasema nini? Utasema ulijua tangu mwanzo, ukanyamaza, ukabeba panya kwa mikono yako. Nilipofukuzwa mimi, fundi aliyeharibu jaribio alikuwa wa kubuni. Safari hii atakuwepo kweli."

Yule mteja wa miswaki alikuwa ametoa macho.

"Nenda," Dada akasema. "Nina kazi."

Nilitoka nikabamiza mlango. Njia nzima nilikuwa namsema peke yangu. Hana shukrani! Miaka miwili nabeba kidonda chake, eti nimemsingizia! Nilifika nyumbani nikaosha vyombo safi. Nikaviosha tena. Halafu hasira ikaanza kunitoka kidogo kidogo, na mahali pake pakaingia hofu, kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli, na mimi kile kichupa nilikuwa nimekiona. Nilijua ni cha mwisho. Nilijua, nikajifanya hamnazo.

Asubuhi mkaguzi alikuwa amefika kabla yetu. Ni daktari wa mifugo, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, viatu vya mtu anayetembea sana. Hakuwa na maneno mengi. Vizimba vilikuwa mezani, bakteria tayari kwenye kichupa kidogo ndani ya barafu. Manukato ndiye aliyeshika mrija wa kudondoshea, maana mpiga picha alikuwa bado yupo. Kazi yangu ilikuwa kumshika panya aliyelala, kichwa juu, pua wazi.

Nikafungua kizimba cha DAWA. Na nani aliyenijia mkononi wa kwanza? Thelathini na moja. Nikamlaza usingizi, akanilalia kiganjani, mbavu zinahesabika. Manukato akausogeza mrija puani pake.

Nikaurudisha mkono wangu nyuma.

"Mama mkaguzi," nikasema, "kabla tone halijadondoka, naomba hawa panya wapimwe."

"Hakuna muda wa kupima," Manukato akadakia. "Wewe shika kazi yako."

"Kazi yangu ndiyo hii."

"Kwa nini unataka wapimwe?" mkaguzi akauliza.

Nikamweleza: nani anakimbia, nani anashikika. Sikufika mbali, yeye mwenyewe ameshika wanyama maisha yake yote. Akavaa miwani. "Leteni mizani," akasema.

Tuliwapima mmoja mmoja, mimi nasoma, yeye anaandika. Manukato alikuwa anatazama saa, anakohoa, anatazama saa. Nikatoa na daftari langu, namba zikalingana. Panya wa DAWA walikuwa na gramu kumi na nane kwa wastani. Panya wa CHUMVI, ishirini na mbili na nusu. Mkaguzi akapiga mstari chini ya hesabu.

"Nani aliwagawa?"

"Walichaguliwa kwa bahati tu," Manukato akasema. "Nilifumba macho kabisa, mashahidi wapo."

"Wewe ulifumba," mkaguzi akamwambia. "Panya hawakufumba."

Mpiga picha akacheka, akajifanya anapiga chafya.

"Na jaribio la kwanza? Nalo ulifumba macho?"

"La hasha. La kwanza aliwagawa fundi. Iko kwenye ripoti. Tulimwachisha kazi."

Alilisema bila hata kupepesa, laini kabisa, kama mtu anayetaja siku ya juma. Haya basi! Nikafunga kizimba, nikatoka koridoni, nikaing'oa ile picha na msumari wake. Nikaja nikaibwaga mezani, katikati ya mizani na barafu.

"Huyu fundi mbona ana tai?" nikauliza.

Mkaguzi akainama. Akaangalia mkono ndani ya sanduku. Akaangalia kibandiko cha DAWA, na panya waliokwishawekwa humo. Manukato akaanza kupiga chenga. Ooh, ile ilikuwa ya picha tu. Ooh, baadaye fundi aliwagawa upya. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na bado anaogelea.

"Na huu mkono ni wa nani?" mkaguzi akauliza.

Sikuwahi kuuona. Miaka miwili nafuta vumbi, naangalia lile tabasamu tu, na sikuona. Ukingoni kabisa mwa picha, karibu na fremu, kulikuwa na vidole vinne vimenyooshwa kuelekea kwenye sanduku, basi, na baada ya hapo ni mbao. Mkaguzi akaigeuza fremu, akavikunjua vibanio vya nyuma kwa ufunguo wake, akaitoa picha. Haikuwa imekatwa. Ilikuwa imekunjwa, robo yake nzima imefichwa nyuma. Akaikunjua taratibu, akailaza mezani.

Dada. Amevaa lile koti jeupe. Mdomo uko wazi, anasema kitu. Mkono mmoja ameunyoosha kumzuia Manukato. Na mkono wa pili ameukumbatia mkebe wa majani ya chai, kifuniko kimetolewa, vikaratasi vya kura vinaonekana ndani.

Mkaguzi akainua kichwa, akautazama mkebe juu ya rafu yangu. Akaitazama tena picha.

Nililia, ndiyo. Lakini usidhani nililia kwa upole. "Alikuletea kura!" nikamwambia Manukato mbele ya wote. "Alikuja nazo mkononi! Ukamkunja ukamweka nyuma ya fremu, halafu ukaandika yeye ndiye aliyekosea! Miaka miwili unapita hapa, unajua yumo humo ndani, na unanipa mimi nimfute vumbi!" Sijui mengine niliyoyasema. Ninachokumbuka ni kwamba jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza yale marashi yake hayakusikika.

Alitafuta kiti akakaa. Nilitamani sana awe amesimama.

Mkaguzi akasubiri nimalize. Halafu akanigeukia na kalamu yake. "Na wewe ulijua lini kwamba wa dawa ni dhaifu?"

Hapo ndipo Dada aliponikamata tangu jana yake.

"Tangu jana asubuhi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemshawishi achague kwa mkono. Niliwapima kabla, nikanyamaza."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka aanguke."

"Na dawa?"

"Dawa sikuifikiria."

Naye akaliandika hilo, kwa mwandiko ule ule, mstari ule ule chini yake.

Manukato akatolewa chumbani. Mkaguzi akauchukua mkebe, akapiga kura yeye mwenyewe, panya arobaini, mmoja baada ya mwingine. Thelathini na moja aliangukia maji ya chumvi. Alikufa siku ya pili. Nilimtoa mwenyewe kizimbani, na nilimwomba radhi, cheka ukitaka. Siku ya tano tukahesabu. Wa maji ya chumvi walibaki wanne. Wa dawa walibaki kumi na saba, wanakula, wanaparuana, hawashikiki. Mkaguzi alihesabu mara tatu. Kisha akavua miwani, akasema, "Huyo fundi yuko wapi?"

Kisasi changu nilikipata, nisikudanganye, na kilikuwa kitamu. Manukato alivuliwa ukuu, na kabla ya kuondoka akatakiwa aandike barua ya kufuta yale aliyomwandikia Dada, akaipeleke kwa mkono wake. Nilijua siku, nikaenda nikasimama mlangoni mwa duka la dawa na mkoba wangu. Akaja. Kulikuwa na foleni. Dada hakumrukisha. Alimhudumia mzee wa matone ya macho, akamhudumia mama mwenye mtoto, akamhudumia mpaka msichana aliyetaka pamba tu na hakujua anataka ya ukubwa gani. Ilipofika zamu yake, Manukato akaisukuma ile bahasha juu ya kaunta.

"Isome," Dada akamwambia.

"Hapa?"

"Hapa. Kwa sauti. Ripoti yako kila mtu aliisikia."

Akaisoma. Mwenyewe aliwagawa panya. Mwenyewe alionywa. Fundi hakuchanganya chochote. Foleni nzima ikasogea karibu kusikia, hata mtoto. Mimi pale mlangoni nilikuwa nainywa kila neno. Alipomaliza, Dada akaikunja barua, akasema, "Anayefuata."

Wiki iliyofuata Dada akarudi maabara, meza yake ya dirishani. Jambo la kwanza alilofanya, alichukua kijiko akaenda nyuma ya jengo, chini ya lile bomba, akaanza upya kuchota udongo. Vidudu vilivyokufa lazima vitafutwe tena, na vinaweza kuchukua mwaka, au mitatu. Mimi nikamfuata na visahani. Picha nilikuwa nimeshaitundika koridoni, imekunjuliwa, ikabidi ninunue fremu kubwa zaidi.

"Ukipata unga mpya," nikamwambia, "panya wako nimeshawatenga. Arobaini, wazuri."

Aliendelea kuchota. "Vizimba utanioshea," akasema. "Panya wa jaribio langu hutawashika."

Nilidhani ni utani. "Nani atawashika sasa?"

"Atapatikana."

"Dada, nilisema ukweli mbele ya mkaguzi. Nimepewa na barua ya onyo, unajua. Wale panya dhaifu wangekuwa wamekwisha kufa bure, na mimi niliuzuia ule mrija."

"Ulizuia kwa sababu nilikugombeza." Alifunika kisahani, akaandika tarehe juu yake. "Juzi nimekuota. Umebeba kile kizimba cha dawa, unacheka kama ulivyocheka pale dukani. Siwezi kukupa panya wangu."

"Mpaka lini?"

Aliosha kijiko kwa yale maji yanayovuja, akaingia ndani.

Basi naosha vizimba. Kila Jumatatu namwaga maranda, nasugua, nasuuza, napanga. Dada anapita na visahani vyake, ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto, na chumba cha jaribio anakifunga kwa ufunguo. Siulizi tena mpaka lini. Tumezaliwa tumbo moja, na mimi najua kinyongo cha kwetu kinakaa muda gani.